Maji yanapotelea wapi ikiwa mabomba yanayopasuka tunayaona na yanazibwa?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, Chikongola, Mtwara. Kwenye mkutano tuliambiwa kuwa katika miji mingi zaidi ya theluthi moja ya maji yanayosukumwa kutoka kwenye vyanzo hupotea kabla ya kulipiwa. Watu wakauliza yanapotelea wapi, maana bomba likipasuka tunaliona na mafundi huja wakaliziba. Wengine wakasema ni wizi tu. Naomba utufafanulie chanzo hasa ni nini, na sisi wa mtaani tunaweza kufanya jambo gani la maana."

Jibu: Marahaba, ndugu. Nianze na maneno yako kwamba bomba likipasuka mnaliona na linazibwa, maana hapo ndipo hesabu inapoanzia. Maji yanayotoka kwenye tundu lolote hutegemea mambo mawili: yanatoka kwa kasi gani, na tundu limekaa wazi kwa muda gani. Watu wengi huangalia la kwanza. La pili ndilo linalokausha mji.

Bomba la inchi sita likipasuka katikati ya barabara linaweza kumwaga lita 10 kwa sekunde. Maji yanachimba shimo, bodaboda zinakwama, simu zinapigwa kila upande. Mafundi wakilifunga baada ya saa sita, zimemwagika lita 216,000, yaani yuniti 216 (yuniti moja kwenye bili ni lita 1,000). Sasa chukua tundu la milimita 3 lililo chini ya kiungo cha bomba la nyumba moja, nusu mita ndani ya mchanga. Kwa msukumo wa bar 3 (bar moja ni kama msukumo wa maji yaliyosimama kimo cha mita 10) tundu hilo hutoa lita 6 hivi kwa dakika, sawa na yuniti 9 kwa siku maji yakiwapo saa 24. Halichimbi shimo wala halimsumbui mtu. Likikaa mwaka mzima zimekwenda zaidi ya yuniti 3,200. Hata kama mtaa wenu unapata maji nusu ya siku tu, ni yuniti 1,600, zaidi ya mara saba ya lile pasuko lililokusanya watu. Tundu la milimita 1, ambalo mtu angeliita jasho la bomba, kwa msukumo uleule hutoa karibu lita 1,000 kwa siku, yaani ndoo 50 za lita 20.

Kwa hiyo jibu fupi ni hili: sehemu kubwa ya maji yanayovuja hutokea kwenye matundu madogo ambayo hakuna aliyewahi kuyapigia simu, na mengi yako kwenye bomba jembamba linalotoka bomba la mtaa hadi dira ya mteja. Juu ya hayo kuna maji yaliyofika nyumbani salama lakini dira haikuyahesabu. Wizi upo, nitaufikia, ila kwa hali ya kawaida hauwi wa kwanza kwenye foleni.

Tuelewane pia kinachopimwa. Mamlaka huchukua maji yote yaliyoingia kwenye mtandao, hutoa yale yaliyoandikiwa bili, na tofauti inayobaki huitwa upotevu. EWURA, inayodhibiti huduma hii, imeweka kiwango cha upotevu kisichozidi asilimia 20. Ndani ya tofauti hiyo yamo maji yaliyotumika kihalali bila bili, kama ya zimamoto na ya kusafishia mabomba. Yamo yaliyovuja au kufurika kabla ya kufika kwenye dira. Na yamo yaliyotumiwa na watu bila kuandikwa. Maji yanayovuja baada ya dira, ndani ya uzio wako, hayamo. Hayo umeshayalipia wewe. Ni vizuri wajumbe walijue hili kabla ya mkutano ujao, kwa sababu choo kinachovuja nyumbani kwa mtu ni hasara ya mwenye nyumba, na mrija unaovuja nje ya chemba ya dira ni hasara ya mji mzima.

Kwa nini hamyaoni

Ukanda wa pwani wa Mtwara na Lindi una mchanga mwingi, na maeneo mengi mchanga huo umelala juu ya mawe ya matumbawe yenye matobo. Kwenye udongo wa mfinyanzi maji yanayovuja hukosa pa kwenda, yakapanda juu na kutengeneza dimbwi. Kwenye mchanga hushuka. Mvujo wa lita 6 kwa dakika unaweza kuzama ardhini miaka miwili bila kulowesha uso wa njia. Ndiyo maana mji wenye udongo kama wetu hauwezi kutegemea taarifa za wananchi peke yake. Lazima mtu atumwe kwenda kuutafuta mvujo.

Msimu nao una sehemu yake. Mvua zetu huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na miezi hiyo kila mahali pamelowa. Wakati wa kutafuta kwa macho ni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Majani yakiwa yamekauka mtaa mzima, tafuta kipande kimoja cha nyasi mbichi kando ya njia ya bomba. Tafuta mgomba au mpapai ulionawiri kuliko wenzake bila mtu kuumwagilia, ukuta unaochora ukungu upande mmoja tu, mtaro wa maji ya mvua unaotiririka maji meupe mwezi wa Septemba, au njia iliyotitia kidogo baada ya kupitiwa na gari. Asubuhi mapema ni bora kuliko mchana, kabla jua halijakausha alama.

Tundu linatokea wapi na kwa nini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye fedha ya mamlaka na ndipo mwananchi ana mkono wake.

Mteja mpya anapounganishwa, fundi hufunga kibano kwenye bomba la mtaa, hulitoboa, kisha hutoa bomba jembamba la nusu inchi au robo tatu kwenda kwenye dira. Kazi hiyo ya saa moja ina nafasi nyingi za kuharibika. Kibano kikiwa cha saizi inayokaribiana badala ya saizi ya bomba lenyewe, raba yake haikai mviringo. Boliti zikikazwa upande mmoja hadi mwisho kabla ya upande wa pili, raba huminyika upande mmoja na kuachia mwingine. Mchanga ukiachwa kati ya raba na bomba, maji hupata mfereji wao. Bomba la plastiki likitobolewa kwa chuma kilichochomwa moto, ukingo wa tundu huyeyuka na kubaki na nyufa ambazo hufunguka taratibu kila msukumo unapopanda.

Baada ya kibano linakuja bomba la nyumba. Maeneo mengi yaliyojengwa bila mpangilio yana bomba moja la mtaa lililo mbali, na kila mteja hununua roli yake ya bomba jembamba jeusi na kulivuta mita 60 au 100 hadi kwake. Utakuta mabomba kumi yamelala pamoja kwenye mfereji mmoja wa kina cha kiganja. Greda linasawazisha njia, jembe linapalilia mihogo, mtu anachimba msingi wa uzio, na hayo mabomba ndiyo ya kwanza kukatwa. Likikatwa, huungwa kwa kuchomwa moto na kuingizwa moja ndani ya lingine, halafu hufungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kiungo hicho hakijawahi kuzuia bar 3 kwa muda mrefu. Kinavuja siku ya kwanza kidogo, na kila mwezi zaidi.

Yale mawe ya matumbawe pia ni adui wa bomba la plastiki. Likilazwa moja kwa moja juu ya ncha ya jiwe, uzito wa udongo na wa magari hulikandamiza hapo hapo kila siku, na baada ya miaka michache hutoboka kutoka chini, mahali ambapo jicho halifiki. Mabomba ya zamani ya chuma yaliyopakwa zinki yana tatizo lao: udongo wenye chumvi karibu na bahari hula zinki, kisha chuma, na huanzia kwenye nyuzi za viungio kwa sababu pale ukuta wa bomba ni mwembamba zaidi.

Kazi inayodumu si ya gharama kubwa. Kibano kiwe cha kipenyo kilekile cha bomba na cha aina ya bomba hilo, maana bomba la inchi tatu la chuma na la inchi tatu la plastiki hayalingani kwa nje. Bomba lifutwe kwa kitambaa pale raba inapokaa. Boliti zikazwe kwa zamu, za kukingama, kidogo kidogo. Tundu litobolewe kwa kekee yenye meno ya mviringo, na vipande vya plastiki vitolewe. Bomba la nyumba liwe limeandikwa PN 10 au PN 16, yaani la kustahimili bar 10 au 16; lisilo na maandishi yoyote acha dukani. Mwisho wake ukatwe wima kwa mkasi wa bomba, ukwanguliwe ukingo, na usukumwe ndani ya kiungio hadi upite raba na kugota. Watu wengi huishia pale linapoanza kukaza, ambapo bado halijaifikia raba. Mfereji uwe na kina cha sentimita 60 kwenye njia ya miguu na 90 panapopita magari, uwe na mchanga usio na mawe sentimita 10 chini ya bomba na 15 juu yake. Na kabla ya kufukia, maji yafunguliwe na kila kiungo kiangaliwe kwa nusu saa kikiwa kikavu, kwa kukipangusa. Kufukia kwanza ndipo kufungua maji baadaye ni kosa linalorudiwa mno, na ndilo linalozalisha mivujo isiyo na tarehe ya kuzaliwa.

Suluhisho kubwa zaidi ni mamlaka kusogeza bomba la inchi mbili hadi karibu na nyumba ili kila mteja awe na mita 10 za bomba jembamba badala ya 100, na dira ziwekwe mwanzoni mwa bomba la mteja. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza ya kupunguza upotevu iende hapo kabla ya kubadilisha mabomba makubwa yanayoonekana kwenye picha za uzinduzi.

Msukumo na mgao

Kila mita 10 za mwinuko huongeza karibu bar 1 kwa aliye chini. Naliendele iko mita 120 hivi juu ya usawa wa bahari. Shangani iko karibu kabisa na bahari. Kama maji yangeteremshwa toka mwinuko wa Naliendele hadi Shangani bila tangi la kukatia msukumo au vali ya kupunguzia njiani, wa chini wangepokea zaidi ya bar 10, wakati nyumba ya chini inahitaji 2 au 3 tu. Lindi ni vivyo hivyo: mji umebanwa kati ya bahari na vilima, na msukumo unaomtosha wa juu unamzidi wa chini.

Hili lina uzito kwa sababu tundu hutoa maji kulingana na msukumo. Tundu la mviringo kwenye chuma huongeza kidogo. Ufa kwenye plastiki hupanuka msukumo unapopanda, hivyo huongeza zaidi ya uwiano. Kwa mtandao mchanganyiko, kanuni inayotumika ni kwamba ukishusha msukumo kwa asilimia 10, mvujo wote hushuka kwa karibu asilimia 10, na mapasuko mapya hupungua pia. Usiku ndipo hali huwa mbaya: watu wamelala, koki zimefungwa, msukumo unapanda, na kila tundu linatoa kuliko mchana.

Wengi hudhani mgao huokoa maji kwa kuwa bomba likiwa tupu halivuji. Saa hizo ni kweli halivuji. Lakini bomba tupu hujaa hewa, na maji yanaporudi kwa kasi huisukuma hewa hiyo na kupiga viungo kwa kishindo. Kiungo kilichokuwa kinashikilia huachia. Koki zilizoachwa wazi wakati hakuna maji humwaga maji yanaporudi usiku. Na kuna la afya: bomba lisilo na msukumo hunyonya maji machafu ya ardhini kupitia matundu yaleyale. Mahali ambapo mgao hauepukiki, vali ifunguliwe polepole kwa dakika kadhaa, si kwa mara moja, na sehemu za juu za mtandao ziwe na vali za kutolea hewa zinazofanya kazi. Malalamiko kwamba dira inazunguka kabla maji hayajafika yana msingi. Hewa huizungusha dira ya gurudumu. Dawa yake ni hizo vali za hewa.

Maji yaliyofika lakini hayakuhesabiwa

Angalia uso wa dira yako. Nyingi za nusu inchi zimeandikwa Q3 2.5, yaani mtiririko wa kawaida wa yuniti 2.5 (lita 2,500) kwa saa, na herufi R ikifuatiwa na namba. Gawa lita 2,500 kwa namba hiyo, utapata mtiririko mdogo kabisa, kwa saa, ambao dira imehakikishiwa kuusoma. R80 ni lita 31 kwa saa. R160 ni lita 16. Chini ya hapo dira inaweza kusoma pungufu sana, au isisome kabisa.

Sasa fikiria tangi la plastiki juu ya mnara, lenye koki ya boya. Linapokaribia kujaa boya hupanda na kubana koki taratibu, na maji huingia kwa mchirizi kama uzi. Mchirizi huo mara nyingi uko chini ya uwezo wa dira. Nyumba moja inapoteza kidogo, lakini mji ambao karibu kila mwenye uwezo ana tangi hupoteza kwa pamoja. Koki ya boya inayofunga kwa ghafla, ile inayosubiri maji yashuke kiasi fulani ndipo ifunguke yote, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili.

Dira huchakaa pia. Maji ya visima vilivyochujwa vibaya huja na mchanga unaokwangua sehemu zinazozunguka, na maji magumu ya ardhi ya chokaa huacha ukoko. Dira ya gurudumu iliyofungwa ikiwa imeegama upande husoma pungufu kwenye mtiririko mdogo. Lazima ilale sawa, uso ukitazama juu. Halafu kuna makosa ya ofisini na ya usomaji: dira iliyokufa ikaandikiwa makadirio kwa miezi, namba zilizogeuzwa, mteja aliyeunganishwa lakini hayumo kwenye orodha. Hakuna tone linalomwagika hapo, lakini kwenye ripoti yote huonekana kama maji yaliyopotea.

Kuhusu wizi: kuna bomba linalopita pembeni ya dira, kuna waliojiunganishia usiku, kuna dira zilizogeuzwa zirudi nyuma. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 inayafanya hayo kuwa makosa. Tena mwizi hafungi kibano kwa utaratibu niliouandika hapo juu, kwa hiyo muunganisho wake mara nyingi huvuja. Lakini ukitaka kujua ukubwa wake mtaani kwenu, mpaka uwe umeshapima mengine. Kuwashutumu majirani kabla ya kupima ni kugawanya mtaa bila kuongeza hata ndoo moja.

Matangi ya mji kufurika nitayataja kwa ufupi: pampu ya lita 10 kwa sekunde ikiachwa saa tatu baada ya tangi kujaa ni yuniti 108. Tiba yake ni boya kubwa au kizimio cha pampu, na bomba la kufurikia litoe maji mahali yanapoonekana.

Kabla ya kuamini asilimia

Tuchukue mji wa mfano unaozalisha yuniti 6,000 kwa siku na kutoza bili ya yuniti 3,900. Tofauti ni 2,100, asilimia 35. Dira za wateja zikisoma pungufu kwa asilimia 6, basi waliotumia kweli ni karibu 4,149, na 249 zimeelezeka. Tuseme 300 ni miunganisho isiyo halali na wateja wasio kwenye orodha, na 51 ni za kusafisha mabomba. Zinabaki yuniti 1,500 zinazovuja. Wateja wakiwa 9,000, ni lita 167 kwa kila muunganisho kwa siku. Namba hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda, kwa sababu asilimia hudanganya: ikiwa mteja mmoja mkubwa, tuseme kiwanda, amefungua mwaka huu, asilimia itashuka bila mtu kuziba tundu lolote.

Pia uliza hizo 6,000 zimepimwaje. Mahali pasipo na dira kubwa kwenye chanzo, watu huzidisha saa za pampu kwa uwezo ulioandikwa kwenye kibao chake. Pampu iliyochakaa haitoi tena kiasi hicho, na tofauti inaitwa upotevu ingawa maji hayo hayakuwahi kutoka kisimani.

Yaliyotoka yana gharama. Kuinua yuniti moja ya maji mita 100 kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 60 hula karibu nusu yuniti ya umeme. Zile 1,500 za mfano wetu ni kama yuniti 680 za umeme kila siku zilizotumika kulowesha mchanga. Maji ya chanzo cha Mitema yanayopandishwa kwenda Uwanda wa Makonde huinuliwa mamia ya mita, kwa hiyo mvujo wa Newala au Tandahimba una gharama mara kadhaa ya wa Mtwara mjini. Na visima vilivyo jirani na bahari vikivutwa kupita kiasi ili kufidia mvujo, maji ya chumvi husogea kuelekea kisimani.

Mnachoweza kufanya Chikongola

Anzeni na dira zenu. Funga koki zote za nyumbani, pamoja na ya kuingilia tangi, kisha tazama kinyota au kigurudumu kidogo kwenye uso wa dira kwa dakika 30. Kikizunguka, unavuja baada ya dira. Chooni tia rangi ya chakula kwenye tangi la nyuma. Ikionekana kwenye bakuli ndani ya robo saa bila kuvuta maji, raba ya chini imechoka. Kupima dira yenyewe, pima ndoo kwa mzani wa dukani, weka alama maji yakifika kilo 20, kisha jaza ndoo tano kwa mfululizo ukiandika namba nyekundu za dira (zinazoonyesha lita) kabla na baada. Zikitofautiana na lita 100 kwa zaidi ya tano, omba dira ikapimwe. Rudia kwa koki iliyofunguliwa kidogo sana, uone dira inaanza wapi kulala.

Kwa mtaa mzima, ombeni kipimo cha usiku. Eneo lenye mpaka unaofungika kwa vali, tuseme wateja 400, huwekewa dira moja mlangoni. Inasomwa kati ya saa saba na saa kumi usiku. Matumizi halali ya saa hizo hukadiriwa kuwa lita 2 hivi kwa muunganisho kwa saa, yaani lita 800. Dira ikionyesha lita 6,000 kwa saa, lita 5,200 hazina mwenyewe. Ila huku kwetu kuna sharti: kifanyike baada ya maji kuwepo siku mbili mfululizo, vinginevyo mtakuwa mnapima matangi ya watu yanayojaa. Kisha vali za vichochoro hufungwa moja baada ya nyingine huku mtu akiitazama dira. Pale mtiririko unaposhuka kwa ghafla ndipo kichochoro chenye mvujo. Kutoka hapo fundi huingia na fimbo ya kusikilizia. Kwenye bomba la chuma sauti husafiri mbali, kwenye plastiki hufa haraka, hivyo inabidi kusikiliza kila muunganisho mmoja mmoja, usiku, bila muziki wa jirani. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna mbadala wake.

Wajumbe wawili wapite njia za mabomba mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi wakiwa na alama nilizotaja. Mkitoa taarifa, semeni namba ya dira iliyo karibu, kama ni kabla au baada ya dira, tangu lini, na ambatanisheni picha. Msifukue wenyewe, bomba lenye msukumo likipoteza udongo unaolishika linaweza kuchomoka kwenye kiungo.

Fungueni daftari moja la mtaa lenye safu nne: tarehe mvujo ulipoonekana, tarehe taarifa ilipotolewa, tarehe ulipozibwa, na kilichoharibika. Fundi akimaliza mwombeni aonyeshe kipande alichotoa, muandike kama ni kibano, kiungio, bomba lililokatwa na jembe au jiwe la chini. Baada ya msimu mmoja mtaona kama tatizo lenu ni muda wa kujua, muda wa kuja kuziba au ubora wa vifaa, na hayo matatu hayaombwi kwa barua moja.